Mtangazaji wa Laini ya Maombi

Siku za mechi Mtangazaji alivaa tai. Hakuna aliyekuwa akimwona, maana alitangaza kwa simu, ameketi kwenye meza ya jikoni kwake, mtaa wa Beechmont, kusini mwa Louisville, na wasikilizaji wake walikuwa wametawanyika katika maghala, viwanda na nyumba za kutunzia wazee za miji mitatu. Bado alivaa tai, na koti la kahawia, na viatu vya ngozi. Nilipomuuliza sababu, alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anakula.

"Pale uwanjani kuna mawaziri," alisema. "Siwezi kuwaingilia watu wazima na kaptula."

Namwita Mtangazaji kwa sababu ndivyo tulivyomwita sote. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, mimi sijui, na yeye mwenyewe alihakikisha hatujui. Sisi Wakongo tulisema ni Mrundi. Warundi walisikia lafudhi yake wakasema ni Mtanzania. Watanzania wachache tuliokuwa nao wakasema hapana, huyu ni mtu wa kambini tu, na kambi haina timu ya taifa. Yeye alisikiliza ubishi wote huo huku akimenya karanga, kisha akauliza kama kuna chai.

Niseme mapema ili nisije nikaonekana mnafiki: huyu mzee nilimpenda, kisha nikamnunia kwa miaka minne. Nilimnunia kwa sababu ya baba yangu, na kwa sababu ya bao moja. Nitafika huko.

Kwanza nieleze hiyo laini. Akina mama wa kanisa letu walikuwa na namba ya simu ya maombi. Unapiga, unabonyeza tarakimu kadhaa, unaingia, na mnaweza kuwa watu mia moja mnaomba pamoja, wa Louisville, wa Columbus, wa Buffalo, kila mmoja na jiko lake. Waliomba saa kumi na moja alfajiri, kabla ya zamu ya kwanza kazini. Baada ya hapo laini ilikaa bure mchana kutwa, nalo jambo hilo ndilo lililomtia Mtangazaji wazo.

Maana kulikuwa na kombe la nchi za ukanda wetu, Afrika Mashariki na Kati. Televisheni za Marekani hazina habari nalo. Kongo hualikwa miaka mingine na miaka mingine hawaalikwi, Burundi huja na vijana wasiojulikana, Uganda hushinda, watu hugombana, na haya yote hutokea alasiri ya kwetu, ambayo huku ni asubuhi, watu wako kazini. Ukishikwa na simu mkononi ghalani, kazi imeisha. Lakini kisikilizi kimoja sikioni, chini ya kitambaa cha kichwa au kofia ya baridi, supavaiza hakioni. Mtangazaji alikuwa akifanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha viti vya magari, na saa tatu asubuhi alikuwa nyumbani, macho makavu, simu mbili mezani: moja ya kutazama, moja ya kusemea.

Mchungaji alipopata habari alikuja juu. Laini ya Mungu, mpira! Mtangazaji hakubishana naye. Mechi iliyofuata alifungua kwa zaburi, akawaombea makipa wote wawili kwa usawa, na mwisho akafunga kwa kuwaombea waliofungwa wapate faraja. Mchungaji alikuwa kwenye laini akimvizia. Alivizia mechi nne mfululizo, na kwenye ya tano tulimsikia akipiga kelele ya penalti.

Alikuwa mkali kwa sheria zake. Zima maiki. Usipozima, sote tunakula chakula chako. Kuna mama wa Buffalo alikaanga samaki dakika tisini nzima, tukamaliza mechi na njaa. Sheria ya pili, usitangulize bao. Yule jamaa wa Columbus mwenye intaneti ya kasi, aliyekuwa akipiga ukelele kabla picha haijafika Louisville, alifukuzwa mechi nzima. "Kaka," Mtangazaji alimwambia, "ukila kabla ya wageni, kula kimya." Na ya tatu, ambayo aliilinda kuliko zote: kwenye laini hakuna mtu kusema sisi. Sema Kongo. Sema Burundi. Zamani, kabla yake, mechi moja ilikuwa imeigawa kwaya yetu, Wakongo kulia, Warundi kushoto, Jumapili tatu, na soprano zote zilikuwa upande mmoja.

Ndani ya sheria hizo alikuwa mwongo wa ajabu. Simu yake ya kutazamia ilikuwa na ufa katikati na picha iliganda kila mara, na ikiganda yeye hakunyamaza. Alituletea mvua. Alitupa upepo unaotoka ziwani. Alituambia kocha ameshika kiuno na uso wake ni wa mtu aliyeacha sufuria motoni. Alimwona mama jukwaani akimlisha mtoto chungwa, na dakika ishirini baadaye alituarifu kwamba chungwa limekwisha. Mimi nikiwa nawafunga wazee vifungo vya mashati katika nyumba ya wazee, nilimjua yule mama wa chungwa kuliko nilivyomjua jirani yangu.

Kijana mmoja aliyekuwa akisoma chuo alimkamata. Alikuwa ametazama mechi ile ile kwenye kompyuta, na siku hiyo jua lilikuwa kali, hakukuwa na tone la mvua. Alimkabili mbele ya watu baada ya ibada, pale kwenye maegesho ya magari.

"Mzee, uli-make up ile mvua, umeitunga!" alisema, kwa Kiswahili chao kile cha vijana wetu.

Mtangazaji hakuona haya hata kidogo. "Pambo ni langu," alijibu, "bao ni lao."

Msemo ule ukaingia mjini. Mama akipika wali wenye viungo vingi na nyama kidogo, watu walisema pambo ni langu. Mtu akirefusha ushuhuda kanisani, nyuma kuna aliyenong'ona bao ni lao. Lakini kwa mwenyewe haukuwa utani. Angeweza kukupa mvua ya mwezi mzima, ila kama kadi ilikuwa ya njano, ilikuwa ya njano. Mpira ukigonga mwamba ukatoka, umetoka. Hakuwahi kutuongezea hata kona.

Sitaki mje mkadhani alikuwa malaika. Alikuwa na majivuno ya jogoo. Mtu mmoja alimsahihisha jina la mshambuliaji wa Ethiopia, na hawakusalimiana wiki tatu. Hakujifunza kuendesha gari. Alipanda basi la mji miaka yote, akisema hatashika usukani mahali ambapo mtu akikukosea hashuki mkagombana mkaelewana. Ana kwa ana alikuwa mchache wa maneno, hata mkewe alikuwa akituambia, "Nyinyi mnapata dakika tisini, mimi napata 'chumvi iko wapi.'" Na kucheza mpira alikuwa hajui kabisa. Kwenye mandari ya kanisa kule Columbus, bustanini karibu na Northland, walimpa heshima ya kupiga mpira wa kwanza. Aliukosa, kiatu kikaruka, yeye akakaa chini. Akiwa pale chini kwenye nyasi akatangaza, kwa sauti yake ya laini, "Na mzee yuko chini! Refa anasema inuka!" Tulicheka mpaka watoto wakatuonea aibu.

Baba yangu ndiye aliyempenda kuliko wote. Walikuwa wa rika moja, na jioni za kiangazi walikaa kwenye ngazi za jengo letu wakitazama magari, nusu ya muda hawasemi. Baba alikuwa mtu wa Uvira na kwake Kongo ilikuwa timu, wimbo na ugonjwa. Kisha akapata ugonjwa wenyewe, wa ini.

Kwetu mgonjwa haambiwi. Hii si siri, kila atokaye kwetu anaijua. Mgonjwa anabebewa habari zake na ndugu, naye anapewa zile zinazoweza kumshibisha. Huku daktari anavuta kiti, anamtazama mgonjwa machoni na kumpa miezi yake. Hospitali ilitaka kumletea baba mkalimani wa simu; nikasaini karatasi kwamba hatumtaki, nitatafsiri mwenyewe. Daktari akasema maneno yake, marefu, taratibu, kwa huruma. Nami nikamgeukia baba nikamwambia, "Papa, anasema dawa itatumika polepole. Unapashwa kula." Daktari akauliza kama ameelewa. Baba akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Nilitafsiri hivyo wiki sita, na mama yangu, aliyeujua ukweli wote, alikaa pembeni akikunja kanga na kuikunjua.

Katikati ya wiki hizo kombe likaja, na mwaka huo Kongo walikuwa wamealikwa. Wakashinda, wakashinda tena, wakafika nusu fainali. Mpinzani alikuwa Burundi.

Siku moja kabla ya mechi nilimpigia Mtangazaji. Nakumbuka nilikuwa nimesimama kwenye korido ya hospitali, karibu na mashine ya barafu.

"Mzee," nikamwambia, "kesho papa atasikiliza. Niko nakuomba kintu moja. Congo ikifungwa, usiseme. Utie goli moja tu, ya kwetu. Moja tu."

Nilimsikia akisogeza kiti.

"Mama," akasema, "nitakuwekea mvua. Nitakuwekea na ndege angani. Bao siwezi."

"Ata juu ya mutu mwenye anakufa?"

"Hata yeye."

"Batu yote nitabaelezea kisha! Batakusamehe!"

"Si hao ninaowafikiria."

Hapo nikatoa neno ambalo tangu siku hiyo nimelimeza mara nyingi na halijashuka. "Bon, nimeelewa," nikasema. "Ni juu weye ni Murundi. Unataka papa yangu akufe akijua ba kwenu njo balimufunga."

Alisema tu, "Saa tatu asubuhi. Mwambie mzee nitamsalimia hewani."

Kesho yake nikaiweka simu juu ya mto, karibu na sikio la baba. Mtangazaji akafungua kwa zaburi, akamsalimia "rafiki yangu aliyelala." Kongo wakatangulia, baba akainua kidole kimoja juu ya shuka. Burundi wakasawazisha, kidole kikashuka. Mpaka dakika ya themanini ilikuwa bado moja kwa moja, na mimi nilikuwa nimesimama nikiwa nimeinama juu ya ile simu. Kisha sauti ya Mtangazaji ikabadilika. Ilishuka, ikawa ya kawaida, haina pambo lolote. "Mpira mrefu," akasema, "kipa wa Kongo anatoka, anatoka mapema—"

Nikakata.

"Réseau imepotea, papa," nikasema, kana kwamba ni mtandao uliokatika. Nikatoka koridoni, nikanawa uso, nikakaa huko dakika kumi, nikarudi nikipiga makofi. "Papa! Congo imeshinda! Mbili kwa moja!"

Akafungua macho. "Nani alitia?"

Sikuwa nimejiandaa kwa jina. "Ule wa numero kumi na moja."

"Vizuri," akasema. "Asante, mama yangu." Akatabasamu, akalala. Siku ya nne akatutoka.

Tabasamu lile nililichukua nikahama nalo. Baada ya mazishi tulikwenda Columbus, mimi na mama, kwa binamu zetu, nikapata kazi ghalani na nyumba jirani na barabara ya Morse. Kila nilipoumia nilijiambia, baba aliondoka Kongo ikiwa imeshinda, na mtu aliyempa ushindi huo ni mimi, si yule mzee na tai yake. Kwenye msiba alikuja akakaa nyuma. Nilimpa mkono bila kumtazama. Alituma salamu kwa watu, sikuzijibu. Na bado, niseme ukweli, kombe liliporudi niliingia kwenye laini, nikazima maiki, nikamsikiliza mwanzo mpaka mwisho huku nikibandika lebo kwenye maboksi. Hakuna mwingine aliyejua kutangaza vile, na chuki yangu haikuwa na nguvu ya kunitoa pale.

Mwaka jana mama naye alifariki. Miezi saba baadaye nilikwenda Buffalo kwa harusi ya mtoto wa binamu, na asubuhi ya sherehe wakanituma Grant Street kutafuta unga wa muhogo na sombe, majani yake. Ndani ya duka, mbele ya mafriza ya samaki, nikamkuta. Nilikuwa nimesikia kwamba mkewe amefariki na kwamba binti yake amemhamishia huko. Alikuwa amekonda, ameegemea toroli, miwani mizito usoni, anabishana na muuzaji kwamba ngege ile si ya ziwa lolote analolijua yeye.

Aliponiona alimwacha samaki. Alinipa pole ya mama, kwa kirefu, kwa heshima zote, mikono miwili. Kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Mama yako hakujua, siyo? Mpaka mwisho?"

"Kujua nini, mzee?"

Alitazama kama kuna mtu karibu. "Baba yako alinipigia kabla yako," akasema. "Siku ile ile, asubuhi. Uliponipigia wewe nilikuwa nimeshaahidi."

Nikashika ukingo wa friza.

"Aliniambia hivi," akaendelea, na bila kukusudia akaanza kusema kwa sauti ya baba, kwa Kiswahili chetu cha Uvira. "'Mutangazaji, hapa batu yote banasema nitapona. Nimeona bachungaji batatu kwa siku moja. Batoto banatoka Columbus siku ya kazi. Miye si mutoto. Kesho uniambie vile itakuwa, ata tukifungwa. Nataka kusikia kintu moja ya kweli mbele niende.'" Akapumua. "Na alinikataza kuwaambia. Zaidi mama yako. Alisema mkijua kwamba anajua, mtalia mbele yake, naye hana nguvu tena za kuwabembeleza. Nikamwapia kwamba mama yako akiwa hai, sitafungua mdomo. Sasa mama amepumzika."

Miaka minne. Mtu aliyekuwa akitutangazia mpaka chungwa la mtu asiyekuwepo, alikuwa amekaa na neno hilo, na tusi langu juu yake, akanyamaza.

"Lakini nilikata simu," nikasema. "Hakusikia."

"Alinipigia tena mchana, ulipokwenda kumpokea mama yako kwenye basi. Alikuwa anacheka. 'Mutoto wangu amekata réseau,' akasema, 'niishilize.' Nikammalizia."

"Nilimwambia Kongo imeshinda."

"Aliniambia. Alisema umempa bao namba kumi na moja, na namba kumi na moja alikuwa ameshatoka kipindi cha kwanza."

Nilicheka na machozi yakanitoka pamoja, na muuzaji akajifanya anapanga samaki. Nikauliza lile nililoliogopa zaidi. "Na daktari? Vile nilikuwa namutafsiria?"

Mtangazaji alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta. "Alijua tangu siku ya kwanza," akasema. "Nilimuuliza kama nikushauri uache. Akakataa. 'Apana, umuache. Donc, yeye anatafsiri muzuri kupita munganga. Akinyamaza, njo nitaogopa.'"

Nilimwambia anisamehe, kwamba nilimtamkia neno baya kwenye simu ile siku.

"Uliniambia mimi ni Mrundi," akasema. "Hilo si tusi."

"Donc, weye ni Murundi?"

"Nimesema si tusi."

Watu walikuwa wakipita na mifuko ya unga, simu yangu ikilia mfululizo, harusini wananisubiri. Niliizima. Nilimwomba kitu kimoja, safari hii si cha kuongeza wala kupunguza: anitangazie kuanzia pale nilipokata. Hakuuliza kwa nini. Alisogeza toroli pembeni wateja wapite, akanyoosha mgongo, akaanza kwa sauti ya chini. Dakika ya themanini na mbili, mpira mrefu, kipa wa Kongo anatoka, anatoka mapema. Nikafumba macho, nikamsikiliza mpaka tukafungwa.